Nilivyopewa kazi ya kuwa mwizi wa darasa la cybersecurity Keroka, na mjukuu wangu akiwa mwanafunzi

Wakuu, na wadogo, na nyinyi mnaosomanga kimyakimya mkitoka bila kusema hata asante, nawasalimu wote.

Haya ninasema ni ya kweli, yalinipata mimi mwenyewe. Shule sikuingia, kwa hivyo siandiki. Naongea, na Kwamboka mjukuu wangu anabonyeza. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu. Akimaliza kipande ananisomea, na nikiskia Kiswahili ya redio anarudia, ndiyo tunakituma hapa, halafu kingine.

Kwamboka mwenyewe yuko ndani ya hii story. Pale nitamsema vibaya, mjue ameandika akinuna.

Sasa.

Mimi nauza chai na mandazi Keroka, chini ya ngazi ya jengo moja kando ya barabara. Chini ni duka la mabati na misumari, juu ni ukumbi. Lori za Kericho zikipita, vikombe vyangu vinacheza vyenyewe.

Huo ukumbi ulikodishwa na mwalimu anaitwa Salim. Ni mtu wa Kisii mjini, wale Waislamu wa biashara. Babu yake alikuja na vitambaa akaoa huku, hakurudi. Mwalimu Salim anafundisha vijana kompyuta, na zaidi ile ya kulinda kompyuta isiingiliwe na wezi. Cybersecurity. Hilo neno nimeweza kulisema baada ya kuliuzia chai muda mrefu.

Dirisha la ukumbi halifungi vizuri. Kwa hivyo masomo yote yalikuwa yananiangukia kichwani nikikaanga.

Nikajua kompyuta ina milango mingi na ingine watu husahau kufunga. Nikajua kuna barua za uongo, ukibonyeza umekwisha. Nikajua vijana wa Nyamira wanaweza kukaa kwa kiti tangu asubuhi wakiangalia maandishi meusi yakishuka kama mvua, halafu mmoja aseme "nimeiona" na wote wapige makofi. Walikuwa wameona nini, sijui mpaka leo.

Sasa mimi nina tabia moja. Mungu aliniumba na koo isiyotulia. Nikiskia mtu akiongea mara mbili, ya tatu naongea yeye. Chifu namjua. Mzee wa kanisa namjua, yule wa kuvuta pumzi katikati ya "wapendwa". Mama wa kliniki anayeuliza "umekunywa dawa au umeweka chini ya godoro" namjua pia. Wateja wangu wengine hawajii mandazi, wanajia hiyo.

Siku moja mwenye duka la mabati akaniambia, "Magokoro, hebu leo tuletee yule Mwalimu wa juu."

Magokoro ni nyanya kwa Kikisii. Huyo mtu ana mvi kunizidi na bado ananiita magokoro.

Nikaweka mwiko chini. Mwalimu Salim ana Kiswahili ya kupiga pasi, na anaongea kama mtu anamwaga chai bila kutaka povu. Nikasema kwa nguvu:

"Ndugu zangu. Hebu tuweke simu pembeni. Simu si mkufu, haitaki kuvaliwa."

Kelele ya juu ikakatika. Tulikuwa tunaskia viti tu vikivutwa.

Mwenye duka hakucheka. Alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka, Mwalimu amesimama hapo, ametoka kuswali, kofia iko mkononi.

"Mama," akasema pole pole, "hayo maneno nimewaambia tangu tuanze na hakuna siku wametii."

"Pengine hausemi vizuri, Mwalimu."

Akanunua mandazi, akapanda. Nilidhani imeisha.

Kesho yake akaniita ofisini kwake. Ni kachumba kadogo kando ya ukumbi, kana meza na mlango wa mbao. Akanieleza mambo yake.

Darasa lilikuwa linakaribia kuisha. Kampuni moja ya Kisii mjini, inayolinda kompyuta za watu wengine, ilikuwa imekubali kuchukua watakaopita mtihani wa Mwalimu waende attachment, ile ya kujifunza kazi ukiifanya. Na mtihani si wa karatasi. Mwalimu alitengeneza hospitali ya uongo ndani ya kompyuta, na wagonjwa wa uongo, na kila mwanafunzi akapewa password yake ya kulinda. Waliambiwa wazi na wakaweka sahihi: kuanzia sasa, kuna mtu atajaribu kuwatoa hiyo password. Hamjui nani, hamjui kwa njia gani. Ukiitoa, nafasi imekupita mpaka darasa lingine.

"Mdukuzi," akasema Mwalimu, "hahangaiki na kompyuta. Huanza na mtu. Hupiga simu akajifanya bosi, akajifanya jamaa. Mama, nataka uwe mdukuzi wangu."

Wakuu, nimeitwa majina mengi kwa hii maisha lakini hiyo ilikuwa mpya.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu yuko humo ndani."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza, sikuagizi. Ukikubali, utamfanyia kama wengine. Ukikataa, nitatafuta mtu mwingine mwenye sauti mbaya."

"Mbaya kama yangu hutapata."

Akanipa sheria. Kumbe hata mwizi wa shule ana sheria. Hakuna kuomba pesa. Hakuna kusema mtu amekufa ama ni mgonjwa. Sauti ya mtu ukitaka kuitumia, mwenye sauti akubali kwanza. Ijumaa mchana hakuna kupiga, anaswali. Jumamosi pia hakuna, mimi ni Msabato. Kwa hivyo darasa lilikuwa na mwizi mwenye dini mbili.

Nyinyi sasa mtauliza, kwa nini nilikubali na mtoto ni wangu?

Niwaambie vile mambo yalikuwa nyumbani. Baba ya Kwamboka ni mwanangu, anaitwa Ombati. Ana shamba la majani chai na ana maneno machache. Kwamboka alikuwa ameshamaliza kozi moja, na ingine, na kazi hakuna. Ombati aliniambia mimi, hakumwambia yeye: "Mwambie hii ndiyo ya mwisho. Ikikataa, ashike kikapu aje tuchune majani." Nikampelekea. Kwamboka akasema, "Mwambie nimeskia." Nikarudisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake ikining'inia. Akianguka ni kikapu.

Na mimi nikafikiria hivi: nikimwonya, atapita na hajui kitu. Kesho akae kwa kompyuta ya hospitali ya kweli, na mwizi wa kweli apige simu. Mimi nitakuwa wapi? Niko kwa mandazi.

Nikakubali. Hiyo jioni Kwamboka akapika akiangalia kila mtu kama polisi. Akaniambia, "Nyanya, hata wewe usiniulize kitu ya class."

"Kwani mimi najua nini," nikasema.

(Hapa ameacha kubonyeza kidogo. Sasa ameendelea.)

Wa kwanza alikuwa Evans.

Evans ni kijana wa Sironga, na kwa kompyuta hakuna wa kumshika darasani, hilo Mwalimu mwenyewe alisema. Alikuwa anashuka kununua chai akijipiga kifua. "Shosh, nyanya yetu, mimi siwezi hakiwa. Nimeweka two-factor, kufuli mbili mbili, kila mahali. Hata simu yangu ikiibiwa, huyo mwizi ataenda nayo akalie."

"Na wewe je, ukiibiwa?" nikamwuliza.

"Mimi? Mimi niko updated."

Sasa Evans ameoa juzijuzi. Bibi yake, Kerubo, ametoka Ekerenyo. Na mama ya Kerubo ni rafiki yangu wa zamani, mimi huenda kwake kuchukua ndizi siku ya soko.

Kwa wale si wa huku, ngoja nieleze. Sisi Wakisii tuna kitu inaitwa ensoni. Ni heshima, lakini iko na aibu ndani. Kuna watu ambao hamuongeleshani ovyo. Mkwe wa kiume na mama ya bibi yake hawasalimiani kwa mkono, hawakai kiti kimoja, hawataniani. Akimwona njiani, anapisha. Na kumwuliza maswali, ati "wewe ni nani, unataka nini", afadhali umeze jiwe. Baba na watoto wake pia wana yao, hiyo nitafika.

Nikaenda Ekerenyo nikamwambia Mama Kerubo maneno yote. Alicheka mpaka akashikilia mkungu wa ndizi. Akasema, "Iga. Lakini nikae hapa niskie."

Tukaketi nyuma ya ndizi zake. Simu ilikuwa ya Mwalimu, namba Evans haijui. Ikaita.

"Hello?"

Mama Kerubo ana sauti nyembamba, anaongea kama ana pini mdomoni. Nikaivaa hiyo. "Evans. Ni mama ya Kerubo."

Nikaskia kiti kikianguka. Baadaye wenzake walisema alisimama wima, akageukia ukuta, na hakuna mtu alikuwa anamwona.

"Ndiyo mama."

"Nimeazima simu ya jirani, yangu haina moto. Mwalimu wenu wa kompyuta yuko hapa sokoni kwetu. Simu yake imezima. Anasema anataka hilo neno lako la kufungua, kuna kitu imeharibika. Mimi naona haya kusimama na mwanaume mgeni hapa mbele ya watu. Liandike kwa hii simu, nimpe, niende zangu."

Hakuuliza. Hakusema ngoja. Alisema "ndiyo mama", halafu tena "ndiyo mama", halafu "pole mama". Ujumbe ukaingia kabla sijatoa simu kwa sikio. Password yote, na mwisho ameandika "Mungu akubariki mama."

Mama Kerubo alikuwa ameziba mdomo na leso, machozi yanashuka. Alipopata pumzi akasema, "Huyu kijana tangu amwoe msichana wangu hajawahi kunipa maneno mengi hivyo."

Mwalimu alipoona huo ujumbe hakufurahi. Alikaa chini.

"Kijana huyu anaweza kulinda benki," akasema. "Nimemfundisha kufunga kila mlango, na kumbe kuna mmoja sikuujua."

Nikamwambia, "Huo mlango unaitwa ndiyo mama."

Mwalimu amezaliwa Kisii, anaskia Kikisii yote, lakini ensoni ya ndani ya nyumba zetu hakuwa ameiweka kwa masomo. Akaniuliza mengi siku hiyo. Nani hawezi kumkatalia nani. Nani hapiti mbele ya nani. Akawa mwanafunzi na mimi nikakaanga mandazi nikijibu.

Msichana mmoja pia alianguka, kwa sauti ya mzee wa kanisa. Nilivuta pumzi mara moja tu kwa "wapendwa", akanipa kila kitu na akaniuliza kama kuna kitu ingine.

Halafu ikafika Kwamboka.

Nilianza na sauti ya Mwalimu mwenyewe. Alikaa mbele yangu ofisini akijiskia akiongea. "Kwamboka, Salim hapa. Kuna hitilafu kwenye mfumo. Hebu nisomee password yako nikurekebishie."

"Mwalimu," akasema huyu mtoto, bila hata kupumua, "wewe ndiye ulisema mwenye mfumo haulizangi mtu password." Akakata.

Nilitaka kuruka. Mwalimu naye alitabasamu lakini akainua kidole. "Bado, mama. Kila mtu ana sauti moja asiyoweza kuikatalia. Ya kwake ni ya nani?"

Nilijua.

"Ni ya mwanangu," nikasema.

Jioni nikaingia kwa majani chai, Ombati anachuna. Nikamweleza. Aliendelea kuchuna mpaka mwisho wa mstari. Akarudi na mstari mwingine. Nilidhani amekataa na hiyo ndiyo namna yake ya kukataa.

Halafu akasema, "Iga. Lakini usiweke maneno mengi. Atajua si mimi."

Ngoja nijibu huyu ameshaandika hapa chini ati nyanya hawezi kuiga mwanaume kwa simu. Mwanangu, huyo mwanaume nimemzaa. Hiyo sauti yake nzito aliitoa kwangu. Na ukiongea na simu ya huku karibu na ng'ombe, sauti zote zinakaribia kuwa moja. Endelea kusoma.

Siku yenyewe nilijifungia na Mwalimu kwa kale kachumba. Vijana walikuwa wamepumzika ukumbini, tunawaskia wakicheka. Mwalimu akaniuliza kama nataka tuache. Nikasema apige tu, kabla sijawa nyanya ya mtu.

Simu ikaita. Kwamboka akashika.

Nikakohoa. Ombati lazima akohoe.

"Kwamboka."

Huko ukumbini kicheko kimoja kikanyamaza. Kilikuwa chake.

"Baba?"

"Mm. Simu ni ya jirani. Mwalimu wako yuko hapa nyumbani. Anataka lile neno la kufungua. Sema."

Basi. Sikuongeza. Ombati haongezangi.

Mwalimu akafunga macho. Mimi ndani yangu kulikuwa na watu wawili wanagombana, mmoja anasema "sema mtoto tumalize" na mwingine anasema "usiseme, Kwamboka, usiseme".

Akasema, "Ndiyo baba."

Niliona kikapu cha majani mgongoni mwake.

Halafu akasema, "Baba shikilia kidogo. Natuma mtu."

Sikuelewa. Mwalimu pia hakuelewa, aliniangalia nikamwangalia. Nikashikilia tu, nitafanya nini.

Mara kitu kikaanza kuimba kwa tumbo langu. Ni simu yangu mimi, ile yangu ya kawaida, iko kwa mfuko wa aproni. Nimewekewa kwaya, na hiyo kwaya haina sauti ndogo. Inaimba ofisini, inapita kwa simu ya Mwalimu, inaingia kwa sikio la Kwamboka. Nikaifinya. Ikaendelea. Nikaikalia. Ikaimba chini yangu.

Halafu Kwamboka akasema kwa ile simu ingine, kwa heshima yote:

"Baba, shika simu ya nyanya. Iko kwa aproni yako."

Mimi nilijaribu kukohoa tena kama Ombati. Kikohozi kikatoka kicheko. Ikaisha hapo. Mwalimu alikuwa ameweka kichwa kwa meza, mabega yanaruka.

Mlango ukafunguka. Kwamboka amesimama na simu mbili, yake na ya Evans aliyoazima kunipigia. Nyuma yake darasa nzima.

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwa aproni. "Nyanya. Ni wewe."

"Si mimi," nikasema, kwa sauti ya chifu.

Evans ndiye alielewa wa kwanza, akashika kichwa. "Manze. Mama mkwe."

"Alikuwa amekaa hapo karibu," nikamwambia. "Alikuskia ukisema pole mama."

Alienda akasimama kwa dirisha muda mzuri.

Mwalimu akamwuliza Kwamboka, "Ulijuaje kwamba si baba yako?"

Na jibu lake ndiyo imenifanya nilete hii uzi hapa, kwa sababu mimi nilitarajia aseme ati aliskia kitu kwa sauti. Yaani nimeiga vibaya.

Akasema, "Sikujua, Mwalimu. Nilidhani ni yeye kabisa."

"Basi kwa nini hukumpa?"

"Kumkatalia siwezi. Kumwuliza maswali pia siwezi. Lakini nyumbani kwetu, baba akitaka kitu kwangu humtuma nyanya, na mimi nikitaka kitu kwake namtuma nyanya. Hatujawahi kupeana kitu mdomo kwa mdomo. Kwa hivyo nikamtafuta nyanya aende amwone, arudi aniambie. Nilikuwa nafuata tu njia yetu."

Mwalimu akatoka mpaka ukumbini, akafuta ubao wote, zile chati zake za mishale na mawingu, akaandika kitu. Nikamwuliza Kwamboka imeandikwa nini.

"Ukiona aibu kuuliza, tuma mtu."

Akageuka akawaambia, na hii naiweka kwa sauti yake: "Ndugu zangu. Vitabu vyangu vinasema ukipigiwa simu ya mashaka, kata, kisha thibitisha kwa njia nyingine. Nimelisema hilo mpaka nikachoka, na nyinyi mkaandika mpaka mkachoka. Lakini hakuna kitabu kilichonifunza namna ya kumkatia simu mama mkwe. Kumbe njia mlikuwa nayo kwenu. Mtu wa tatu. Anakwenda, anamwona kwa macho, anarudi. Hakuna aliyevunjiwa heshima na hakuna aliyeibiwa."

Evans akasema kutoka dirishani, bila kugeuka, "Ningetuma Kerubo. Ningesema tu, ngoja mama nimtume Kerubo."

"Ungesema hivyo," Mwalimu akamwambia, "ungekuwa Kisii wiki ijayo."

Msimhurumie sana. Amerudia darasa na sasa anasaidia wale wapya na hesabu za mitandao, na ukimpigia simu leo hata ukiwa mama yake mzazi anatuma mtu. Mama Kerubo alimpelekea mkungu wa ndizi kwa mkono wa Kerubo, na ujumbe: "Mwambie yule hakuwa mimi. Mimi siongeangi hivyo mingi." Evans akarudisha salamu kwa mkono wa Kerubo huyohuyo. Wote wamefurahi na hawajaonana.

Kwamboka alipita. Ile kampuni ikamwandikia aje aanze.

Ilimfikia akiwa Keroka ananunua sukari. Alinipigia akilia na kucheka, nikapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika, nikaingia kwa shamba nikamwambia Ombati. Ombati akasema "mm". Akaendelea kuchuna. Mimi nikarudi kwa unga wangu.

Haikupita muda, Kwamboka akanipigia tena. Sauti imebadilika.

"Nyanya, usinicheze. Baba amenipigia. Kwa simu yake. Ni wewe?"

"Mimi niko na unga mpaka kwa kiwiko."

"Basi nenda uone. Nimemwambia ashikilie, natuma mtu."

Nikavuka boma na mikono ya unga. Ombati alikuwa amesimama kando ya zizi, simu iko kwa sikio, ameishika kama yai. Amesimama tu anangoja. Mtu wa miaka yake, amewekwa foleni na mtoto wake, na hakuwa amekasirika.

"Ni wewe unampigia?" nikamwuliza.

"Ni mimi."

"Unataka kumwambia nini?"

Akakohoa. Akaangalia ng'ombe. Akaangalia majani chai yake yote mpaka kule chini mtoni.

"Mwambie amefanya vizuri," akasema. "Mwambie nimechinja kuku. Aje mapema."

Nikashika simu yangu. Nilitaka nimpe hayo maneno kwa sauti ya Ombati, vile nafanyanga, nikakohoa vizuri na nikafungua mdomo. Haikutoka. Koo yangu ambayo haijawahi kukataa mtu ilikataa huyo. Nikayasema tu kwa sauti yangu mimi, kama mama mzee yeyote.

Niliskia watu wa Keroka na boda zikipita huko aliko.

Halafu akasema, "Haya. Huyo ni baba."

Akaja mapema. Paja la kuku tulimpa yeye, na Ombati alimwambia apitishe chumvi, mdomo kwa mdomo, mimi nikiwa hapo katikati sina kazi.

Sasa, wakuu, nilichojifunza. Nilidhani mwizi wa kompyuta anatafuta mjinga. Hapana. Anatafuta mtu wa adabu, yule haulizi mara mbili. Na sisi huku tumejaa hao. Usiache adabu yako ukaanza kufokea wakwe kwa simu. Sema "ndiyo mama", sema "ndiyo bosi", halafu tuma mtu aende aone. Mwenye simu akiwa wa kweli atangoja. Hata Ombati alingoja.

Nyinyi wenye kazi za kompyuta Kisii, Nyamira na hata mbali, niambieni kama huko ofisini mna huyo mtu wa kutuma, ama kila mtu anajibu peke yake akitetemeka.

Na wengine wote, semeni hapa chini: ni sauti ya nani ikikupigia huwezi kukataa? Andika, usione haya. Namba yake tu ndiyo usiniwekee, kwa sababu mimi najijua.